Kadi Arobaini za Bushiri Feruzi

Bushiri Feruzi hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuna barabara ya Dodoma yenye jina lake, na siku ya hitima yake viatu vilivyovuliwa mlangoni havikujaza hata ngazi moja. Namwandika kwa sababu waliomwita mzembe bado wanakaribishwa viti vya mbele kwenye sherehe, wanapewa kipaza sauti, na wanawafundisha vijana maana ya uwajibikaji. Nimewasikiliza mpaka nimechoka.

Alizaliwa hapahapa mjini. Babu yake alifika na msafara wa wafanyabiashara, mguu ukavimba, wenzake wakaendelea na safari ya Tabora wakamwacha. Mguu ulipopona alikuwa ameshaoa Mgogo na ameshaanza kuuza chumvi. Baba yake Bushiri naye aliuza chumvi, akaongeza mafuta ya taa. Bushiri alitarajiwa auze vyote viwili, lakini yeye alimfuata fundi wa umeme wa reli, akambebea ngazi miaka mitatu, na jioni akasoma vitabu vya Kiingereza kwa msaada wa kamusi, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayechambua mchele. Mwaka 1974 akaajiriwa kwenye Karakana ya Mawasiliano, shirika dogo la umma lililokuwa ng'ambo ya reli. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa karakana hiyo.

Tulitengeneza vifaa vya simu ya upepo kwa ajili ya zahanati na vituo vya afya vya mbali. Kimoja kati ya vifaa hivyo kilikuwa kidhibiti volti, ambacho mafundi walikiita rejuleta. Kazi yake ni moja: kupokea umeme wa mtaani au wa jenereta, unaopanda na kushuka utakavyo, na kuipa simu volti kumi na tatu nukta nane zisizotikisika.

Sasa elewa jambo hili, maana wakubwa wengi hawakulielewa mpaka mtu akafa. Simu ya upepo ikiwa inasikiliza tu hainywi umeme wa maana. Ampea moja inaitosha. Ukibonyeza kitufe ili useme, inataka karibu ampea ishirini kwa mpigo. Rejuleta mbovu utaiona nzima mchana kutwa maadamu unasikiliza. Ukitaka kusema, volti zinaporomoka na simu inazima mdomoni mwako.

Kwa hiyo Karakana ilikuwa na desturi. Kila rejuleta ilibandikwa ndani ya kifuniko kadi ya manila, ukubwa wa kiganja. Fundi alipima volti bila mzigo, yaani bila kitu cha kuvuta umeme, akaandika. Kisha akaifunga kwenye ubao wa mzigo, ambao ulikuwa nyaya nene za majiko zilizosokotwa na kuzamishwa kwenye pipa la maji, akaivutisha ampea ishirini nusu saa nzima mpaka maji yatoe moshi, akapima tena, akaandika. Akatoa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, tofauti ile akaigawa kwa kipimo cha pili, akazidisha kwa mia. Za kwetu zilitoka kumi na tatu nukta nane zikashuka hadi kumi na tatu nukta sita. Tofauti nukta mbili. Asilimia moja na nusu. Mwisho ulioruhusiwa ulikuwa mbili. Chini ya hesabu fundi alitia sahihi, na pembeni mimi niligonga muhuri wa stoo. Kanuni ilisema nisome kwanza ndipo nigonge, na kwa miaka kumi na tisa nilisoma.

Siku moja Bushiri mwenyewe aliniletea yenye mbili nukta nne.

"Bwana stoo, hii nukta nne ifumbie macho."

"Nukta nne ni yako au ya Karakana?"

"Ya shetani," akasema akicheka. "Lete."

Akaichukua, akaifumua transfoma yote, akaisuka upya siku mbili. Hakuninunia. Wakati huo kurudishiwa kazi haikuwa tusi.

Kisha ikaja ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Sisemi kila kilichoingia kilikuwa kibaya. Tulikuwa tumechoka kufulia magadi na kupanga foleni ya sukari. Lakini pamoja na sabuni waliingia watu waliodhani boksi likiandikwa kitu, basi kitu hicho kimo. Mwaka 1993 tulipata meneja mpya, Batholomeo, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye suti ya kijivu aliyoivaa hata Oktoba, Dodoma yote ikiwa inawaka. Alitukuta tuna rejuleta nne mezani, akauliza zinachukua muda gani kukamilika. Alipoambiwa wiki mbili alishika kichwa.

"Wazee wangu, dunia inanunua, ninyi mnasuka!"

Wiki ile ile aliita gari la vyuma chakavu. Ubao wa mzigo ukaenda, pipa likaenda, mashine ya kusukia transfoma ikaenda. Bushiri alisimama mlangoni akaangalia pipa lake linabingirishwa. Alisema tu, "Maji si mngeyamwaga kwanza," maana walikuwa wanailowesha sakafu aliyotoka kuideki.

Mwezi uliofuata yakaja maboksi arobaini kutoka nje. Rejuleta zenye rangi nyeupe, taa ya kijani mbele, na maandishi makubwa: AMPEA 20. Wafadhili fulani walikuwa wameagiza simu za upepo kwa vituo vya afya arobaini, na Karakana ilipewa kazi ya kuleta rejuleta. Mkataba uliandikwa na mtu mmoja wa zamani aliyetujua, akaweka sharti kwamba kila moja iwe na kadi ya Karakana iliyojazwa na kutiwa sahihi. Fundi mwenye idhini ya kutia sahihi alibaki mmoja. Bushiri.

Batholomeo alizifanyia sherehe ya kuzipokea. Akaunga moja kwenye simu ya upepo, akawasha, na sauti ya mtu wa Mpwapwa ikaingia safi kama yuko chumba cha pili. Makarani wakapiga makofi.

"Mzee Bushiri, umesikia mwenyewe," meneja akasema. "Kadi zako hizi hapa. Jaza."

"Nimesikia inasikiliza," Bushiri akajibu. "Sijaiona ikisema."

"Bonyeza basi."

"Nibonyeze niseme nini, meneja, nawe uliiondoa antena jana ili upake rangi ukuta? Hiyo sauti umeipata kwa waya wa kuanikia nguo. Nipe mzigo niipime."

"Mzigo upi tena?"

"Ule uliouuza kwa kilo."

Watu walicheka, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu meneja hakusahau kicheko kile.

Bushiri akaenda mjini kwa Fatmabai, mjane aliyekuwa na duka la spea za magari. Nilifuatana naye. Fatmabai alikuwa amekaa nyuma ya kaunta akipepea ubuyu usirukiwe na nzi.

"Bushiri! Umenunua gari?"

"Nataka balbu nne za taa kubwa za mbele. Za kuazima."

"Kuazima balbu? Sasa nimesikia yote. Kesho mtu ataniazima maji ya betri."

"Nazipima mzigo, Fatmabai. Wiki hii hii zinarudi."

"Na ikiungua?"

"Nakulipa."

"Kwa kucha? Karakana yenu si mnapunguzwa wote?" Aliinuka hata hivyo, akateremsha boksi la juu. "Chukua hizi za zamani. Za siku hizi zinaletwa na watu, nazipanga tu mbele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza mpaka dukani kwangu." Akamtazama. "Ukipata jibu baya utafanya nini?"

"Nitaliandika."

"Haya. Andika kwa herufi kubwa, maana hakuna anayesoma."

Alisema kwa mzaha. Ningekuwa na akili ningemshika mdomo, au ningelikumbuka neno lile wiki tatu baadaye.

Tulizipanga balbu nne juu ya meza, tukaziunga sambamba. Kwanza Bushiri akajaribu rejuleta yetu ya zamani. Kumi na tatu nukta nane. Akaziwasha balbu, ampea kumi na tisa, volti kumi na tatu nukta sita. Kisha akaunga ile nyeupe. Bila mzigo, kumi na tatu nukta nane, sawasawa na maandishi. Akawasha balbu. Zilitoa mwanga wa njano, na sindano ikateremka mpaka kumi nukta tisa. Ampea hazikufika hata kumi na nane. Akazima, akasubiri, akarudia. Akafungua nyingine, na nyingine. Siku tatu alipima zote arobaini. Iliyokuwa bora ilishuka hadi kumi na moja kamili, na simu ile chini ya volti kumi na moja na nusu haitoi sauti.

Akaifungua moja. Ndani palikuwa na transfoma ndogo kama ya redio ya mkulima, na karibu nayo wameweka kipande cha zege kilichopigwa rangi nyeusi ili boksi liwe zito mkononi. Zege! Nilikishika kwa mikono yangu. Mtu alikaa mahali fulani akakoroga saruji ili amdanganye muuguzi wa porini asiyemjua.

Bushiri alikwenda ofisini kwa meneja na karatasi ya hesabu. Nilikuwa nimekaa pale nikisubiri sahihi ya hati ya mafuta.

"Tofauti mbili nukta tisa," akasema Bushiri. "Gawa kwa kumi nukta tisa. Asilimia ishirini na sita na ushee. Mwisho ni mbili."

Batholomeo alikuwa na kikokotoo. Akabonyeza. "Mimi napata ishirini na moja."

"Umegawa kwa ile ya bila mzigo."

"Ndiyo, si ndiyo ya mwanzo?"

"Hatupimi kifaa kinapopumzika. Tunapima kinapobeba. Lakini gawa unavyotaka, meneja. Ishirini na moja nayo ni mbili?"

"Mzee wangu, hesabu zako hizi za mwaka arobaini na saba. Boksi limeandikwa ishirini."

"Na ndani kuna zege."

Meneja akakiweka kikokotoo chini. Nilidhani kimemwingia. Akavuta droo, akatoa orodha ya watakaopunguzwa, akaiweka mezani ikiwa imeelekea kwetu. Majina kumi na moja yalikuwa yamechapwa, na mstari wa kumi na mbili ulikuwa wazi.

"Nataka kadi arobaini zilizojazwa na zilizotiwa sahihi, Ijumaa saa nne. Sikuambii ujaze nini. Wewe ndiye fundi."

Nyumbani mkewe, Stara, alimsikiliza mpaka mwisho huku akichagua kunde.

"Kwa hiyo huyo bwana hakukwambia uandike uongo."

"Hakusema."

"Basi andika ukweli, tia sahihi, umpe. Sahihi si anaitaka? Ataipata. Mwenye macho atasoma."

"Wasiposoma?"

"Bushiri, una watu wangapi unaotaka kuwasomea? Stoo anasoma, wanaopokea wanasoma, kituoni wanasoma. Wote hao hawana macho?"

Aliniambia maneno haya mwenyewe, kwa furaha, asubuhi ya Ijumaa. Aliona mkewe amemtoa shimoni. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa na Karakana yetu: aliamini kwamba kadi ikiandikwa itasomwa. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuona kadi isiyosomwa.

Alizijaza zote arobaini, kwa wino mweusi. 13.8. 10.9. Asilimia 26.6. Nyingine ishirini na tano na nusu, nyingine ishirini na saba. Hakuna hata moja aliyoipunguzia. Chini yake, B. Feruzi.

Saa nne gari lilikuwa linanguruma uani. Meneja alizipitisha kadi mkononi kama mtu anayehesabu karata. Aliangalia chini kwenye sahihi, basi. Akaniletea mimi.

Mimi nilisoma. Sitaki pafichike hapa. Nilisoma ya kwanza, nikasoma ya pili, nikajua ninachokisoma, muhuri ukiwa mkononi. Meneja alisimama mlangoni akitazama saa yake. Nilikumbuka ule mstari wa kumi na mbili. Nikajiambia ofisa wa kupokea atasoma, ni msomi, ana diploma. Nikagonga arobaini. Wino wa pedi ulikuwa umekauka, tulikuwa hatujanunuliwa mwingine tangu Juni, kwa hiyo muhuri ulitoka hafifu, huoni vizuri.

Ofisa wa kupokea alihesabu. Maboksi arobaini, kadi arobaini. Akasaini.

Kituo kimojawapo kilikuwa kijiji cha mbali upande wa Hombolo, huko zabibu zinakoishia na kubaki vichaka vya mitunduru mitupu. Mkunga wake aliitwa Paskazia. Februari mwaka uliofuata, kuelekea saa tisa alasiri, mama mmoja aitwaye Cecilia alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Paskazia alifanya alichofundishwa. Akamwambia mhudumu awashe jenereta, akakimbilia simu ya upepo kuita gari la hospitali. Aliwasikia wa hospitali wazi. Alimsikia opereta akiongea na kituo kingine habari za chanjo. Akabonyeza, akasema, simu ikazima. Akaachia, ikawaka, akamsikia opereta: "Kuna kituo kinaingia kinakatika, sema tena." Akabonyeza. Ikazima. Alijaribu mara ngapi hata yeye hakumbuki. Opereta alisema sema tena, sema tena, mwishowe akasema huyo aliyepo anacheza, aache kuchafua hewa.

Walimpakia Cecilia kwenye trela la trekta. Alifariki kabla hawajaiona lami. Mtoto, wa kike, alichukuliwa na bibi yake.

Mumewe alipiga kelele mpaka zikafika mkoani, na kamati ikaundwa. Watu watano, maji ya chupa mezani. Ndiyo kwanza nilikuwa nayaona maji ya kunywa yananunuliwa. Wakafungua kifuniko cha rejuleta ya kituo kile. Kadi ilikuwa pale pale, safi, haijaguswa na mtu.

Mwenyekiti akaisoma, akakunja uso. "Mzee Bushiri, sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Na namba hii?"

"Yangu."

"Ina maana ulijua."

"Nilijua nikaandika. Imeandikwa hapo. Ishirini na sita nukta sita, na mwisho ni mbili, imechapwa juu ya kadi. Ninyi mlitaka niandike wapi, ukutani?"

"Lakini ulitia sahihi. Kutia sahihi ni kupitisha."

"Kutia sahihi ni kusema mimi ndiye niliyepima! Kupitisha ni kwa anayesoma!"

"Punguza sauti, mzee."

Batholomeo aliulizwa. Alisema kwa upole kabisa kwamba yeye si fundi, anawategemea wataalamu wake, na amesikitika sana kwamba mtaalamu alijua hatari na akatia sahihi hata hivyo. Alisema "sana" mara tatu. Wajumbe walitikisa vichwa. Mmoja akaigeuza kadi, akatazama pembeni, akauliza doa hili la zambarau ni nini. Mwingine akasema unyevu.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Ningesimama tu nikasema, "Si unyevu, ni muhuri wangu, na mimi nilisoma." Maneno saba au nane. Sikusimama.

Bushiri aliondolewa kazini kwa uzembe, bila barua ya ahsante. Batholomeo alihamishiwa Dar es Salaam, cheo kikubwa zaidi. Rejuleta zile thelathini na tisa nyingine zikaachwa vituoni kwa sababu kuzirudisha kungeleta maswali. Hapo ndipo ninapotaka kumuuliza kila anayesema zamani tulikuwa nyuma: nyuma ya nini?

Miezi miwili baada ya kamati nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwambia nilisoma. Aliendelea kusuka waya kwenye transfoma iliyoshikwa magotini, kwa mkono, maana mashine ilikwenda chakavu. Alikuwa anahesabu mizunguko kwa midomo. Alipofika mia mbili akafunga fundo.

"Najua ulisoma," akasema. "Wewe ulikuwa unasoma siku zote. Sasa shika upande huu, usiachie, ukiachia narudia yote."

Alikuwa anasuka rejuleta mpya za vituo vile, moja moja, kwa waya alionunua mwenyewe. Kabla ya kifua kumshinda alifikia vituo kumi na kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha Paskazia, na nilikwenda naye, nikibeba boksi.

Paskazia alitoka nje akasimama barazani. Kwa umri Bushiri angeweza kumzaa, lakini shikamoo hakutoa.

"Wewe ndiye B. Feruzi."

"Ndiye."

"Umekuja kufanya nini? Kutia sahihi nyingine?"

"Nimekuja kukubadilishia."

"Miezi minne! Mtu amekuwa udongo, wewe ndio unakuja na boksi? Ulijua, baba. Ulijua kwa namba, ukaiandika namba yako vizuri kwa wino, ukatuletea. Hukuweza kupanda basi uje useme kwa mdomo?"

Swali hilo Bushiri alikufa nalo, na mimi bado ninalo. Aliniambia baadaye kwamba kamati nzima haikumuuliza swali hata moja la kweli, mpaka alipomuuliza yule binti.

Alimwomba tu awashe jenereta. Akaunga rejuleta aliyoisuka, akaunga na balbu nne juu ya meza ya dawa, zikawaka nyeupe ukashindwa kuzitazama. Akamwita aje asome mita kwa macho yake. Paskazia alikuja, akainama, akasoma kwa sauti: kumi na tatu nukta sita. Bushiri akazitoa balbu, akaunga simu.

"Bonyeza wewe," akasema. "Useme chochote, ujaribu."

Paskazia alikaa. Akabonyeza kitufe, akataja jina la kituo chake. Simu haikuzima. Akaachia.

"Nakupata, kituo," opereta akajibu. "Nakupata vizuri sana. Lete taarifa."

Akabonyeza tena.

"Andika," alisema. "Cecilia, miaka ishirini na mitatu, mimba ya pili. Amejifungua saa tisa kasorobo, mtoto hai wa kike. Kondo limetoka. Damu haikati. Naomba gari. Naomba gari sasa hivi."

Akaachia. Opereta akauliza: "Kituo, hilo ni tukio la leo?"

"La tarehe kumi na saba Februari. Siku ile uliposema nacheza. Umeandika?"

"Dada, chaneli hii ni ya dharura, fupisha..."

Alibonyeza, sauti ya opereta ikakatika, na akaanza upya toka jina la Cecilia, polepole, kama mtu anayemsomea asiyejua kuandika.